Besi langu linavuma, linakwaruza, na wenzangu hawanisikii: niuze au nitengeneze?

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga besi kwenye bendi ndogo hapa Dodoma, huu ni mwaka wa pili. Mwezi wa nne nilinunua besi la mtumba kutoka Tanga, la nyuzi nne, lenye pikapu mbili ndefu. Lilipofika lilikuwa zuri. Sasa ni Agosti, linakwaruza kuanzia freti ya 1 mpaka ya 4, pembeni mwa shingo kunanikata mkono kama msumeno, na likichomekwa linavuma. Nikigusa nyuzi mvumo unapungua. Fundi mmoja anasema shingo imepinda, ibadilishwe, anataka laki na themanini. Halafu wenzangu wanalalamika besi halisikiki, nikiongeza sauti wanasema nawafunika. Ampu yetu ni moja ya gitaa, nachangia na mpiga rizimu. Niliuze hili nitafute jipya?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Besi usiliuze, na huyo fundi usimpe hela bado. Kwa maelezo yako sioni besi bovu. Naona besi lililotoka pwani likaingia Dodoma kiangazi, likachomekwa kwenye ampu isiyolifaa. Una matatizo manne tofauti, na kwa kuwa yamekufikia kwa mpigo yanaonekana kama ugonjwa mmoja mkubwa. Kwanza tuyatenganishe. Nimepiga besi kwenye bendi za dansi za Dar es Salaam tangu miaka ya 1980, na siku hizi muda mwingi niko mezani hapa Temeke natengeneza magitaa ya watu. Hela nyingi nilizoona wanamuziki wakizipoteza ziliishia kwenye kubadilisha kitu kizima kwa sababu ya kosa dogo lililokuwa kwa jirani yake.

Tuanze na hicho kinachokukata mkono, maana ndicho kinachotupa habari za mengine. Ubao unakunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Tanga hewa ina unyevu mwaka mzima. Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna, na upepo unakausha mpaka midomo inapasuka. Ule ubao mwembamba uliobeba freti, vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni, ukikauka unasinyaa kwa upana. Freti ni chuma, hazisinyai. Ncha zake zinabaki zimechungulia pembeni, kiasi ambacho jicho halioni vizuri lakini mkono unaoteleza shingoni unakisikia.

Dawa yake ni tupa ndogo yenye meno laini. Bandika tepu ya karatasi kwenye ubao na ubavuni mwa shingo ili usichubue, laza tupa sambamba na ubavu, sukuma kuelekea upande mmoja bila kurudisha, mpaka kidole kikipita hakisikii kitu. Kisha inamisha tupa kidogo uondoe kona ya kila ncha. Besi lako lina freti 20 au 21, kwa hiyo ncha ni arobaini na kitu. Ni kazi ya saa mbili kwa mtu asiye na haraka. Ifanye sasa hivi, ubao ukiwa umekauka kabisa. Mvua za Desemba zikija ubao utatanuka, na kiangazi kijacho ncha hazitakusumbua tena.

Habari tuliyoipata hapo ni hii: shingo yako imekauka, na shingo iliyokauka inahama. Hapo ndipo kukwaruza kunapoingia, na hapo ndipo fundi wako alipokimbilia kusema imepinda.

Besi la kawaida lina uzi wenye urefu wa inchi 34, yaani milimita 864, kutoka kile kijidaraja cha juu karibu na vifunguo mpaka daraja la chini. Ndio urefu ambao Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, aliuweka kwenye besi lake la Precision Bass mwaka 1951, na watengenezaji wengi wakaufuata. Nyuzi nne zikishakazwa zinaivuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachovuta upande wa pili. Shingo inaishi katikati ya mvutano huo usiku na mchana. Ubao ukibadilika, mizani inahama, na ndiyo maana chuma hicho kimewekewa nati: kirekebishwe kila inapohitajika. Kwa hiyo mtu akikuambia shingo imepinda, muulize imepinda kuelekea wapi, na kwa kiasi gani. Kama hajapima, hana jibu la kukupa, na wewe usiwe na hela ya kumpa.

Kupima ni hivi. Tyuni besi kwanza, kwa sababu shingo isiyo na mvutano wake wa kawaida inadanganya. Kaa, lipakate kama unavyopiga, usililaze chali. Bonyeza uzi wa E, ule mnene kuliko yote, kwenye freti ya 1 kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ubonyeze pale shingo inapoingia kwenye mwili, karibu na freti ya 17. Uzi sasa umekuwa rula. Mwombe mwenzako aangalie nafasi iliyopo kati ya uzi na kichwa cha freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe kama milimita 0.3, unene wa karatasi tatu za fotokopi ukizishika pamoja. Zikipita tatu na bado kuna uwazi mkubwa, shingo imejikunja mbele. Isipopita hata moja, uzi umelala juu ya freti, basi shingo imenyooka kupita kiasi au imejikunja nyuma. Kwa jinsi linavyokwaruza kuanzia freti ya 1 mpaka ya 4 na juu huku liko safi, nategemea ukute hali hiyo ya pili. Lakini pima, usiniamini kwa kuwa nimesema.

Ukikuta uzi umelala, legeza chuma. Tafuta nati yake, iko ama kichwani chini ya kifuniko kidogo, ama kwenye kisigino cha shingo. Tafuta alenki, ule ufunguo wa pembe sita, inayoingia na kubana bila kucheza. Hili nalisisitiza kwa sababu mabesi mengi yametengenezwa kwa vipimo vya inchi na mengi kwa milimita, na alenki ya karibu-karibu inakula meno ya nati. Meno yakishaliwa, kazi ya dakika tano inakuwa kazi ya siku mbili za kuchimbua ubao. Ikabili nati, geuza kushoto robo mzunguko. Robo, basi. Tyuni upya, lilaze besi mpaka kesho yake, upime tena. Ubao unaitikia polepole. Anayegeuza mzunguko mzima jioni anaamka na shingo nyingine asubuhi. Siku ukihitaji kukaza, geuza kulia, ila legeza nyuzi kwanza ili usilazimishe chuma kubeba kila kitu. Nati ikigoma kabisa, acha. Hapo ndipo mahali pa kumlipa fundi, na fundi mwenye uzoefu wa magitaa, maana hata seremala hodari anaweza asijue kuna chuma mle ndani.

Kuna kupinda kwa aina nyingine, shingo kusokoteka kama kamba, na huko kweli kunaweza kuhitaji shingo mpya. Kukagua ni rahisi: lishike besi kama bunduki, tazama kutoka upande wa daraja kuelekea kichwani, ulinganishe mstari wa freti ya mwisho na mstari wa kijidaraja cha juu. Mistari miwili ikilala sambamba, shingo haijasokoteka. Huna haja ya kipimo chochote, jicho linatosha.

Ukishairekebisha shingo na bado kuna mahali panakwaruza, sikiliza ni wapi. Kama ni noti moja tu, freti inayofuata baada ya hiyo unayobonyeza imeinuka. Chukua rula fupi iliyonyooka, simamisha ukingo wake juu ya freti tatu zilizofuatana. Ikicheza kama mguu wa meza mbovu, ile ya katikati ndiyo imeinuka, igonge taratibu kwa nyundo ya mbao au ya plastiki. Kama inakwaruza ukipiga uzi mtupu na ukibonyeza popote inakuwa safi, kosa liko kwenye kijidaraja cha juu, mfereji umechimbika mno.

Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ni kazi ninayoipenda na huhitaji kuagiza kitu nje ya nchi. Kijidaraja kizuri kinatoka buchani. Omba mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene. Uchemshe, toa nyama na uboho wote, uchemshe tena na sabuni mpaka maji yasiwe na mafuta, kisha uanike juani wiki nzima mpaka uwe mweupe na ukiugonga ulie kama kigae. Ukate kwa msumeno wa chuma, uusugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka ukae kwenye nafasi yake bila kulazimishwa. Mifereji uichore kwa uzi wa zamani uliozungushiwa msasa laini, uzi wa E kwa mfereji wa E, uzi wa A kwa mfereji wa A, ili kila mfereji upate upana wa uzi wake. Nusu ya unene wa uzi izame, nusu ibaki juu. Vaa kitambaa puani, vumbi la mfupa si zuri kifuani. Nimejaribu pia kipande cha mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge. Unakaa vizuri na ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, lakini uzi mtupu juu ya mfupa unaita kwa uwazi zaidi, na mimi nimebaki kwenye mfupa.

Urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti unarekebishwa mwishoni kabisa, baada ya shingo. Kwenye freti ya 17 milimita 2 mpaka 2.5 zinamfaa mtu anayepiga dansi kwa vidole. Halafu linganisha freti ya 12 na ile sauti ya filimbi unayoipata ukigusa uzi juu ya freti hiyo bila kubonyeza. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kile kipande kinachobeba uzi kwenye daraja. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hayo na nyuzi nzuri, kwa sababu uzi uliochoka hautatyuni hata ufanye nini.

Najua seti ya nyuzi za besi ni hela nyingi kwako. Sisi wote tumezichemsha. Zitoe, zikunje, zichemshe dakika kumi, zikaushe kwa kitambaa kisha juani mpaka zisibaki na unyevu hata kwenye misokoto, uzirudishe siku hiyohiyo. Jasho na uchafu vinatoka na mlio unarudi kwa wiki mbili tatu. Hata hivyo kila ukizichemsha na kuzikunjua zinazidi kuchoka pale kwenye vifunguo, kwa hiyo mara mbili zinatosha. Utasikia watu wakisema James Jamerson, aliyepiga besi kwenye studio za Motown kule Detroit, hakuwa akibadilisha nyuzi mpaka zikatike. Ni kweli, lakini alitumia nyuzi laini zilizozungushiwa utepe bapa, ambazo zinazidi kupendeza zikizeeka. Hizo zako zenye mikwaruzo ni jamii nyingine.

Sasa mvumo. Umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde. Ukibonyeza freti ya 3 kwenye uzi wa E unapata G, ambayo ni mitetemo 49. Jaribu leo: fungua sauti mvumo usikike, piga hiyo G uiache ilie. Utasikia sauti inapanda na kushuka kama inapumua, mara moja hivi kwa sekunde. Hiyo ni tofauti ya 49 na 50. Nakuonyesha hivi ili ujue adui unayepambana naye anatoka ukutani, na besi lako linafanya kazi ya kumdaka tu. Pikapu ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kuzunguka sumaku, na waya uliozungushwa hivyo unadaka mtetemo wa uzi na unadaka umeme wa jirani vilevile.

Umesema ukigusa nyuzi mvumo unapungua. Hiyo ni habari njema. Maana yake waya wa ethi, ule wa kumwaga umeme ardhini, unaokwenda kwenye daraja uko hai, na mwili wako ndio unaobeba uchafu wa umeme. Ukigusa nyuzi unaumwaga. Kama ungegusa na kusiwe na tofauti yoyote, ningekuambia fungua uutafute waya uliokatika chini ya daraja. Hatua inayofuata: fungua voliumu zote mbili mpaka mwisho. Mabesi mengi ya pikapu mbili ndefu yana pikapu moja iliyozungushwa kinyume cha nyingine, kwa hiyo zikiwa sawasawa zinaufuta mvumo. Ukipunguza moja, mvumo unarudi. Precision Bass ilipopewa ile pikapu iliyokatwa vipande viwili mwaka 1957, ilikuwa inatumia akili hiyohiyo. Mvumo ukikatika voliumu zote zikiwa wazi, besi lako ni zima, na ule mvumo unaopungua ukigusa nyuzi utaupunguza kwa foili ya shaba ndani ya yale mashimo ya pikapu na voliumu, iunganishwe na ethi kwa kulehemu. Ya alumini ya jikoni usiitumie, inakataa kushika risasi ya kulehemu.

Mvumo uliwahi kunitesa usiku mzima kwenye ukumbi mmoja Morogoro. Wakati wa mapumziko nilifungua bamba la besi nyuma ya jukwaa, nikalehemu upya waya ambazo hazikuwa na kosa, nikarudi, mvumo uleule. Katikati ya wimbo wa pili niligeuka kumwangalia mpiga dramu tuingie chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, pamoja, na mvumo ukakatika. Nikarudi kuwakabili watu, ukarudi. Kumbe juu ya wachezaji kulikuwa na safu ya taa za tyubu zenye choki za zamani, na pikapu zilikuwa zinazitazama moja kwa moja. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachofanya nikifika ukumbini ni kuchomeka na kuzunguka taratibu duara zima. Mvumo ukibadilika kadiri unavyogeuka, unatoka hewani, na utapungua ukihama au taa ikizimwa. Usipobadilika, unatoka kwenye waya, jeki (lile tundu la kuchomekea kebo) au ampu.

Jeki ndiyo ninayoitengeneza kuliko kitu kingine chochote. Nati yake ya nje inalegea, mwenye besi anaikaza kwa vidole, jeki nzima inazunguka ndani, inazungusha na zile waya mbili, mpaka moja inakatika au zinagusana. Ukiikaza, shika jeki kwa ndani. Na pitisha kebo kwenye mkanda kabla ya kuichomeka, ili mtu akiikanyaga ivute mkanda badala ya jeki.

Jambo moja nakuomba sana. Utakutana na mtu atakayekuambia dawa ya mvumo ni kukata pini ya ethi kwenye plagi ya ampu, au kuchomeka kwa waya mbili bila plagi. Mvumo unaweza kupungua kweli. Lakini ile ethi ndiyo inayozuia umeme usipite kwako ampu ikiharibika ndani, na wewe umeshika nyuzi za chuma huku mdomo uko karibu na maiki iliyounganishwa kwenye mashine nyingine. Nilipigwa hivyo mwaka 1994, kwenye sherehe, jenereta ikilisha upande mmoja na umeme wa jengo upande mwingine. Midomo iligusa maiki na mkono wa kushoto ukajifunga kwenye shingo ya besi, sikuweza kuuachia. Mpiga tumba ndiye aliyeng'oa kebo. Aliyekata ile pini alikuwa mtu mwema aliyetaka sauti iwe safi. Nunua mita ndogo, zinauzwa bei poa kwa wauza vifaa vya umeme. Kabla ya kuanza, iweke kwenye volti za umeme wa kawaida, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikionyesha makumi ya volti, usipige mpaka ampu na mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, vichomekwe chanzo kimoja chenye ethi. Anayekuharakisha mwache aharakishe.

Tuje kwa wenzako. Hapa hakuna hata skrubu moja ya kugeuza, na ndipo kazi yenyewe ilipo.

Uzi wa E mtupu una mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya ampu ya gitaa haikuundwa kwa ajili hiyo. Ukiilazimisha, karatasi yake inapiga mbele na nyuma mpaka inapasuka, na kabla ya kupasuka inatoa sauti ya kukoroma. Kwa hiyo unaongeza besi kwenye ampu, spika inakoroma, rizimu ya mwenzako inapotelea ndani ya ule mkoromo kwa sababu mnakaa spika moja, naye anaongeza, nawe unaongeza. Hamgombani kwa tabia mbaya. Mmefungiwa chumba kimoja. Mwachie ampu mpiga rizimu. Wewe tafuta kisanduku cha DI, kile kinachopeleka besi moja kwa moja kwenye mikisa, utokee kwenye spika kubwa za bendi. Ni kifaa kidogo, na kwa hiyo laki na themanini uliyotajiwa nategemea kitapatikana na chenji itabaki ya nyuzi mpya. Baadaye mkipata ampu ya besi, kumbuka spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, na kama ampu imeandikwa mwisho wake ni omu 4, ya tatu usiongeze.

Pili, punguza ile sauti nzito ya chini kwenye mikisa. Najua linasikika kinyume. Masikio ya watu ukumbini hayalifuati besi lako kwa ile sauti ya chini kabisa; yanalifuata kwa sauti ya kati, mitetemo 400 mpaka 800, pale ambapo kidole kinasikika kikigusa uzi. Ukijaza chini, ukumbi unanguruma na noti hazitofautiani. Ndiyo maana wanakuambia mambo mawili yanayopingana, husikiki na unatufunika, na wote wanasema kweli. Punguza chini, inua kati, sauti kuu iache ilipo. Na spika unayojisikilizia iinue iangalie masikio. Ikiwa sakafuni inasikilizwa na magoti, na ikiwa konani mwa ukuta inajaza mngurumo ambao hukuupiga.

Tatu, na hili limewagombanisha watu wengi niliowapenda: mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Kama bendi yenu ina kinanda na mpigaji ametoka kwaya ya kanisani, amezoea kupiga peke yake, na mkono wake wa kushoto unapiga besi. Nyinyi wawili mko kwenye noti zilezile, mmoja mbele kidogo, mmoja nyuma kidogo. Usimwambie mbele ya watu. Mfuate mazoezini kabla wengine hawajafika, mpige wimbo mmoja wawili tu, na umwombe mkono wa kushoto upumzike ubeti mmoja. Atasikia mwenyewe. Mimi nililalamika jukwaani kwa kumkata jicho mwenzangu, na tulikaa miezi minne hatusalimiani vizuri, tukiwa tunalala chumba kimoja safarini.

Mpiga dramu ni ndugu yako wa karibu kuliko wote. Kila mazoezi, ombeni dakika ishirini za nyinyi wawili tu, magitaa yanyamaze. Pigeni wimbo mzima, besi na dramu, na tumba kama ipo. Usisikilize unachopiga wewe, sikiliza mguu wake. Pale mguu wake unapotua ndipo noti yako ianze, na pale anapofunga ndipo noti yako ife. Wengi wanajua kuianza na hawajui kuikata. Kisha tafuteni rekodi za Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978, mumsikilize Tom Malanga kwenye besi. Anazungumza sentensi fupi, ananyamaza, anawaachia rizimu na solo nafasi, anarudi. Hesabu mapigo ambayo hakupiga kitu. Nilipokuwa kijana mzee mmoja wa rizimu alinilazimisha kufanya hivyo kwa wiki tatu kabla hajaniruhusu kuongeza hata noti moja ya madoido, nilikasirika sana, na kila kazi niliyowahi kupewa baada ya hapo niliipata kwa sababu ya zile wiki tatu.

Umeuliza kuhusu jipya. Nakuelewa, na nakuambia kwa moyo wote: kuwa na besi lako mwenyewe ni jambo kubwa, hata likiwa mtumba wa Tanga. Wakati wetu vyombo vilikuwa vya bendi, na bendi ilikuwa ya mwenye vyombo, iwe shirika, jumuiya au tajiri mmoja. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na nyingine nyingi ziliishi kwa mtindo huo. Kulikuwa na mshahara, na hilo lilikuwa jema. Lakini ukihama bendi ulihama na vidole tu. Nimewahi kukaa miezi saba bila kugusa besi kwa sababu mwenye vyombo alivifungia stoo baada ya kukosana na kiongozi wetu. Nilichora nyuzi nne na freti kwenye ubao wa kitanda, nikawa nafanya mazoezi pale. Besi lako hakuna atakayelifungia stoo. Lijue mpaka skrubu ya mwisho kabla hujafikiria kumpa mtu mwingine.

Anza na ile karatasi ya fotokopi kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali. Niandikie karatasi ngapi zimepita chini ya uzi wa E na ngapi chini ya uzi wa G, na kama mvumo umekatika voliumu zote mbili zikiwa wazi. Nikipata namba hizo nitakuambia ugeuze nati mara ngapi.